Tuta lisingoje maiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Barua imekuwa ndefu najua, mkiamua kuipunguza punguzeni popote ila sehemu ya matuta naomba msiiguse.

Mwezi wa 7 mwaka 2025 mji wa Helsinki kule Finland ulitangaza kwamba umemaliza mwaka mzima bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani ndani ya mji, tangu Julai 2024 mpaka Julai 2025 hakufa mtembea kwa miguu, hakufa wa baiskeli, hakufa dereva wala abiria, sifuri kabisa. Na sio kijiji kile jamani, ni mji mkuu wa nchi, una watu karibu laki saba. Sawa ni wachache ukilinganisha na sisi, Kinondoni peke yake sensa ya 2022 iliikuta na watu 982,328 na mkoa mzima wa Dar zaidi ya milioni 5.3, lakini we chukua wilaya moja tu ya Dar, yoyote unayoitaka, alafu jaribu kuwaza mwaka mzima umepita hamna turubai lililofungwa kwa sababu ya gari au bodaboda. Mi nimeshindwa kuwaza.

Habari hiyo niliipeleka kijiweni kwetu na jibu nikapewa hapohapo, wale ni wazungu bwana wanatii sheria, sisi watu wetu wabishi, hata uwashushie malaika avae nguo nyeupe za trafiki watamkwepa wapite pembeni. Tukacheka. Ila lile jibu limenikaa vibaya manake si kweli. Helsinki hiyohiyo miaka ya 80 ilikuwa inazika watu kama 30 kwa mwaka kwa ajali. Wafini walewale, mji uleule, na barafu juu, magari yakiwa machache kuliko sasa. Oslo pia, mji mkuu wa Norway, mwaka 1975 walikufa 41, na ikafika 2019 akafa mmoja tu mwaka mzima, dereva aliyegonga uzio. Kama ustaarabu ndo dawa basi hao watu wa 1975 walikuwa washenzi na wajukuu zao wakazaliwa malaika, na mimi hilo silikubali. Kilichofanyika ni kwamba walizibomoabomoa barabara zao wakazijenga upya ili hata mtu mbishi akipita ashindwe kuua.

Walianza Waswidi. Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha lengo kwamba kwenye barabara zao vifo na majeraha makubwa viende mpaka sifuri, na hoja yao ni kwamba binadamu atakosea tu, leo atasinzia, kesho atasahau, mtoto atakimbiza mpira, sasa anayejenga barabara ajue hilo tangu mwanzo na ahakikishe kosa la kawaida halimalizi na uhai wa mtu. Sisi huku tunaenda kinyume, tunajenga barabara kana kwamba kila atakayepita ni mtu makini asiyechoka wala kunywa wala kuwa na umri wa miaka sita, alafu akikosea tunamlaumu yeye, na akifa tunamlaumu zaidi.

Helsinki zaidi ya nusu ya mitaa yake mwisho ni spidi 30. Najua wenye magari hapa wameshaanza kuguna, 30 si bora nishuke nisukume. Ngoja niwape hesabu ya darasani tu. Gari likiwa kwenye 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde, likiwa kwenye 30 linakula mita 8 na kitu. Dereva akiona kitu inamchukua kama sekunde moja akili ishtuke na mguu ufike kwenye breki. Sasa mtoto katokeza mita 14 mbele yako. Ukiwa kwenye 30 na breki zako nzima na lami kavu, hiyo sekunde inaisha bado una mita tano au sita za kushika breki na gari linasimama, pengine mtoto anaguswa na bampa analia anakimbia. Ukiwa kwenye 50, hiyo sekunde inaisha ndo umefika kwenye mwili wake, breki hata haijaanza, unampiga na 50 yako yote kamili. Dereva ni yuleyule na mtoto yuleyule. Na sheria yetu kwenye makazi ya watu inaruhusu 50, hapo sijazungumzia wale wa 80 alfajiri wakati barabara nyeupe.

Na hoja kwamba 30 itaongeza foleni naomba isitumike kunijibu. Hiyo Dar unayosema 30 itakuchelewesha ni Dar gani? Mchana unatembea kwa spidi ya mkokoteni, unapiga honi, unanunua karanga dirishani. Anayeua ni yule wa usiku na wa asubuhi sana aliyekuta barabara imefunguka, na huyo ndo ninayetaka apunguziwe, tena na barabara yenyewe, maana trafiki saa hizo kalala.

Nije kwenye kitu ambacho kila mtu wa mji huu amekiona na kwa maoni yangu ndo kinachoua kuliko vyote. Barabara ina njia mbili kila upande. Kuna zebra. Daladala limesimama kabisa juu ya zebra au hatua mbili kabla yake, linashusha. Mama kashuka na mtoto, kazunguka mbele ya daladala anavuka, konda mstaarabu kampungia mkono pita mama pita. Yule wa njia ya pili haoni chochote, anachoona ni ubavu wa daladala tu, na yuko mbio kwa sababu anataka kulipita daladala kabla halijaondoka. Mama naye haoni chochote mpaka kichwa kitokeze. Ikiwa sio gari basi ni bodaboda inayopenya katikati. Hapo kila mtu kafanya kitu anachokifanya kila siku, hata aliyempungia mkono alikuwa na nia njema, na mtu kafa. We utamwelimisha nani hapo? Utampa semina mama avuke vipi? Dawa yake inajulikana, kituo cha daladala kinasogezwa mbele ya zebra ili linaloshusha liwe limeshaipita, zebra inainuliwa kama tuta pana ili kila gari litake lisitake lipunguze, na katikati kinawekwa kisiwa mtu avuke nusu apumzike aangalie tena. Kule Marekani kuna mji mdogo unaitwa Hoboken, jimbo la New Jersey, ambao tangu Januari 2017 ulikaa zaidi ya miaka saba bila kifo cha barabarani mitaani kwake, na kitu kikubwa walichofanya ni cha kijinga kwa urahisi wake, kwenye kona nyingi walizuia gari kupaki karibu na kivuko, wakaweka vinguzo, ili anayevuka na anayeendesha waonane. Basi. Vinguzo na rangi. Sisi kwenye kona ndo tunaweka kijiwe cha bodaboda, bajaji tatu, kibanda cha vocha na mwavuli wa chipsi.

Sasa msije mkasema huyu kajaa mambo ya Ulaya. Dar es Salaam hii hii imeshaifanya hii kazi na ikapewa tuzo ya dunia, ni vile tu watu wengi hawajui. Aprili 2019 kule New York ilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya miji ya WRI Ross Center, dola 250,000, na aliyeshinda ni mradi wa SARSAI wa shirika la Amend ulioanza hapa Dar kwenye shule zetu za msingi. Waliwashinda hata watu wa Medellín, Colombia, wenye magari ya kamba yanayopanda milimani. Na kilichofanyika hakikuwa cha ajabu. Walienda kuuliza nyumba kwa nyumba watoto wa shule gani wanagongwa zaidi, kwa sababu kwenye vitabu vya polisi hizo habari nyingi hazimo, wakachagua zile shule mbaya zaidi, wakatembea na watoto njia wanazopita, alafu wakajenga: njia ya miguu, matuta, zebra, vinguzo vya kuzuia magari yasipande pembeni, vibao, na kuna sehemu geti la shule lilihamishwa tu kutoka barabara kubwa likapelekwa upande wa mtaani. Wakawafundisha na watoto, lakini baada ya kujenga. Utafiti uliolinganisha shule zilizojengewa na ambazo hazijajengewa ulikuta majeruhi wa watoto walipungua kama robo. Robo! Kwa saruji, rangi na akili. Hakuna flaiova.

Ndo maana nauliza kwanini kitu kilichofanikiwa kwetu kimebaki kuwa cha shule chache za mradi, kwanini hakijawa ndo kanuni ya kujenga kila barabara ya mji huu. Shule ambayo haikupata mfadhili watoto wake wana mifupa tofauti?

Sasa hapa kwenye matuta. Tuambiane ukweli, Dar na mikoa mingine pia, tuta linapatikanaje? Mtu anagongwa. Kwa kawaida mwanafunzi. Wananchi wanatoka na hasira wanafunga barabara kwa mawe na magogo, matairi yanachomwa, FFU wanakuja, mkuu wa wilaya anakuja na gari lake, anapanda juu ya kitu anaahidi, na ndani ya muda mfupi tuta linajengwa, wakati mwingine siku hiyohiyo. Hela ilikuwepo, injinia alikuwepo, kokoto zilikuwepo, kilichokuwa hakipo ni maiti. Barua za serikali ya mtaa za mwaka mzima hazikuleta kitu. Hiyo ni bei ambayo tumeshaizoea kiasi kwamba wazee wa mtaa wanaisema wazi, pale tutapata tuta akishafa mtu, wanasema hivyo kama wanavyosema mvua itanyesha. Mimi nadhani hilo ndo jambo la aibu kuliko yote kwenye habari nzima ya usalama barabarani na sijawahi kusikia limesemwa kwenye mkutano. Na kwa kuwa tuta lenyewe limejengwa kwa hasira na haraka linakuwa refu kama kaburi, halina rangi, halina kibao, usiku bodaboda analikuta ghafla anaruka na abiria wake, kwa hiyo linaanza kuua na lenyewe. Tuta zuri lina vipimo vyake, ni pana, limepakwa rangi, kuna taa, kuna kibao kabla yake. Mainjinia wetu wanalijua hilo vizuri tu.

Alafu kuna hii tabia ya kutupiana mzigo. Barabara kuu ni ya TANROADS, ya mtaani ni ya TARURA, faini ni ya polisi, daladala ni la LATRA, taka na vibanda ni vya manispaa, na mtembea kwa miguu ni wa Mungu. Helsinki wanaolijibu hilo swali ni mji wenyewe, ukiuliza watu wangapi wamekufa mwaka huu kuna ofisi ina namba na kuna mtu anaona aibu namba ikipanda. Hapa nani anaona aibu? Tuna wiki ya Nenda kwa Usalama, tunanunua stika tunabandika kwenye kioo, hotuba, ngoma, mwisho wa wiki magari yanarudi kama kawaida na stika yake kiooni. Siikatai wiki hiyo, wala siwakatai trafiki wenye tochi za kupima spidi vichakani, ila kila dereva anajua akitoka pale mwenzake wa mbele atamwashia taa kumtonya, anapunguza, anampita afande kwa adabu, akishamaliza kona anafidia. Faini 30,000 kwa aliyezubaa. Kamera ya kwenye nguzo haina mapumziko ya mchana na huwezi kuipa ya chai, Helsinki wamezifunga nyingi tu, na sidhani kama kwetu tatizo ni hela.

Mhariri samahani na hapa naomba niwaguse na nyie. Habari za ajali mnaziandika vilevile kila siku. Gari aina fulani, namba fulani, limemgonga mwenda kwa miguu, kamanda wa mkoa kathibitisha, chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva, dereva alikimbia na anatafutwa, kamanda katoa wito kwa madereva kuzingatia sheria. Nukta. Pale palikuwa na zebra? Taa za barabarani zilikuwa zinawaka? Barabara ina upana gani? Mwezi uliopita hakufa mwingine palepale? Hatuambiwi. Finland kila ajali iliyoua mtu inaendewa na timu, yupo polisi, yupo mtaalamu wa barabara, wa magari, daktari, na mtaalamu wa saikolojia, na kazi yao sio kutafuta wa kufunga, hilo ni la mahakama, wao wanatafuta nini kibadilishwe ili kesho asife mwingine. Wanafanya hivyo tangu miaka ya 60. Sisi uchunguzi ni chaki kwenye lami na gari kuvutwa kituoni, na damu ikishafukiwa na mchanga barabara inabaki ilivyokuwa, inamsubiri mwingine. Neno uzembe linafunga faili. Mzembe yupo kweli, simtetei, ila pale ambapo wazembe watano tofauti wameua sehemu moja mi naanza kuitazama hiyo sehemu.

Na hizo namba zenyewe. Kwa mwaka 2016 takwimu zetu rasmi zilikuwa na vifo vya barabarani elfu tatu na kitu nchi nzima, Shirika la Afya Duniani likakadiria zaidi ya 16,000. Hata kama wamezidisha nusu, bado kuna maelfu ya watu wamekufa na hawapo kwenye hesabu yoyote. Mtu kagongwa leo, kapelekwa hospitali kwa bajaji, kakaa wiki mbili, kafariki, kazikwa kijijini kwao, nani karudi kumwambia trafiki aongeze moja? Kimataifa anayekufa ndani ya siku 30 anahesabiwa ni wa ajali. Na waliopona ndo kabisa hawana anayewahesabu. Nenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, uone vijana wa bodaboda wamelala na vyuma miguuni. Fundi wa ujenzi aliyevunjika paja hajafa, kwenye habari anaitwa majeruhi na hali yake inaendelea vizuri, ila miezi sita hapandi jukwaa, kiwanja kimeuzwa, mtoto wa kwanza kaacha shule kaanza kubeba abiria kwenye bodaboda, tena pengine anapiga mishikaki watatu bila helmeti. Kwa hiyo tukisema sifuri tuwaweke na hawa.

Kutangaza lengo peke yake nako ni bure, nisije nikaonekana nataka uzinduzi mwingine wenye kapero na tisheti. Los Angeles walitangaza mwaka 2015 kwamba ikifika 2025 hafi mtu barabarani, wakasaini, wakapiga picha, barabara zao pana zikabaki zilivyo, na matokeo yake vifo vikapanda, mwaka 2022 na 2023 vilipita 300 kila mwaka. Mji tajiri kabisa ule. Sasa sisi tuna barabara ya Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19 na kidogo, njia nane, nzuri sana sikatai, ukiwa ndani ya gari unajisikia uko nje ya nchi. Ukiwa nje ya gari na ndoo kichwani na soko liko upande wa pili ni habari nyingine. Watu hawakuhama pale, nyumba zilizobomolewa zilibomolewa lakini maisha yamebaki pande zote mbili, shule huku, zahanati kule, msikiti huku, kituo kule. Ukiwaambia wapande daraja la juu wengine watapanda na wengine hawapandi, bibi wa miaka 70 hapandi, mlemavu hawezi, usiku mwanamke anaogopa vibaka juu pale, na kama daraja liko mbali mtu ataruka nguzo za katikati akimbie. Wakenya walishayaona hayo Thika Road. Anayevuka chini sio mjinga, kapima mwendo wake na magari na kaona bora akimbie, na tukitaka asife inabidi magari yapunguzwe pale anapovuka.

Ninachotaka mimi sio kikubwa. Kabla ya bajeti ijayo mkoa wa Dar utoe hadharani orodha ya sehemu ambazo watu wamekufa na kuvunjika miaka mitatu iliyopita, barabara kwa barabara, kituo kwa kituo, hata ikiwa na mapengo tutajazia wenyewe mtaani tunawajua wafu wetu. Alafu zile mbaya zaidi zijengwe zebra za kuinuliwa, visiwa, taa, na vituo vya daladala visogezwe, bila kujali barabara ni ya nani, watajuana wenyewe ofisini nani anamlipa nani. Mitaani kwenye shule, 30 iwe imejengwa chini kwenye lami, sio kibao tu. Na kila kifo kipya ndani ya siku chache injinia awe amefika pale, na gazeti lako liandike kasema nini.

Na kama anayehusika na barabara za mitaa ya huku kwetu anasoma hii, kuna njia panda yenye shule pande zote mbili na rangi ya zebra imefutika muda mrefu, tumeshaambiwa bajeti hakuna na tukipaka wenyewe ni kosa. Ndoo ya rangi wazazi tumeshachanga, iko kwa mjumbe, tunaomba kibali tu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkazi wa Mbezi,
Dar es Salaam